Gugu karoti: litambue kabla halijachanua

Kila masika yanapoelekea ukingoni, huku Kisongo, Arusha, kando ya barabara ya Dodoma, panakuwa peupe. Ni maua madogo madogo yaliyojaa kwenye mitaro, kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, kwenye uzio wa watu na juu ya vifusi vya moramu vilivyomwagwa vikaachwa. Yanapendeza, sikatai. Wateja wanaokuja kitaluni kwangu kununua miche ya parachichi na waridi huniuliza bei yake, na wapambaji wa kumbi huyakata bure barabarani ili wajazie nafasi kati ya waridi kwenye mashada ya harusi. Bibi harusi analishika shada lile tangu kanisani hadi ukumbini, kifuani, karibu kabisa na uso wake. Ninaandika kwa ajili ya huyo bibi harusi, na kwa ajili ya kila anayeinama shambani kuling'oa gugu hili kwa mikono mitupu.

Jina lake ni gugu karoti. Wataalamu wa mimea huliita Parthenium hysterophorus. Lina sumu, na watu wengi wa Arusha na Moshi wanaishi nalo uani bila kulijua.

Nianze na sura yake, maana ukisubiri mpaka ulione jeupe umeshachelewa. Likiwa changa huoni shina. Majani yanalala chini yakitawanyika pande zote kutoka kwenye kitovu kimoja, yamebana udongo. Jani moja lina urefu wa kiganja au zaidi, limekatikakatika kuelekea mshipa wa kati, na kila kipande nacho kimekatika tena. Rangi yake ni kijani iliyopauka. Chuchumaa asubuhi jua likiwa bado chini, ulitazame kwa ubavu: utaona vinyweleo laini vimelifunika juu na chini. Vishike akilini vinyweleo hivyo, nitavirudia.

Mvua ikikolea, shina linachomoka katikati. Lina mifereji midogo inayopanda kutoka chini hadi juu, unaihisi kidole kikipita, ingawa nakusihi usikipitishe bila glavu. Sehemu ya chini inakuwa ngumu, ya juu inatoa matawi mengi. Kwa kawaida linafika kiunoni au kifuani. Penye samadi nyingi nimeliona likinipita kimo. Kisha maua. Ua moja lina upana wa kama milimita 4 tu, ndiyo maana watu hawaliangalii, wanaangalia weupe wa mmea mzima. Vuta karibu kwa kamera ya simu. Utaona kitu cheupe kinachokaribia rangi ya maziwa, chenye pembe tano, na kwenye kila pembe kipetali kidogo kilichojikunja. Chini ya kila kipetali hukomaa mbegu moja nyeusi, bapa, ya milimita 2 hivi. Mbegu tano kwa ua si nyingi, lakini mmea mmoja uliostawi unatoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na tangu kuota mpaka kuchanua linaweza kutumia wiki nne tu. Palizi yako ya kwanza na ya pili zikiachana sana, tayari limeshamwaga.

Watu hulichanganya na mimea mingine. Karoti yenyewe majani yake yamesimama, ni membamba zaidi, na ukiyasugua yananukia karoti. Ikiachwa ikachanua, maua yake yanakaa pamoja juu kwa umbo la mwavuli. Bangi mwitu ina harufu kali inayokufikia kabla hujaigusa, na maua yake ni ya njano iliyofifia. Kishona nguo kinajulikana na kila mtoto aliyerudi nyumbani na mbegu kwenye sketi. Unaonitia hofu ni pakanga. Pakanga imelimwa sana mkoa huu kwa ajili ya dawa za malaria, na majani yake nayo yamekatikakatika, kwa hiyo kuna wanaochuma chochote kinachofanana nayo barabarani wakaenda kuchemsha. Pakanga ina harufu nzito ya dawa, na maua yake ni ya njano, madogo, yanainama. Haitoi ua jeupe lenye pembe tano. Mtu asichemshe wala kunywa mmea aliouchuma pembeni mwa barabara kwa kukisia sura.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ninapomwambia mtu kwamba gugu hili lina sumu, jibu huwa lile lile: mbona nimeling'oa miaka yote na sijaumwa? Anasema kweli, na ukweli huo ndio unaomponza. Tumezoea kupima sumu kwa kuangalia siku ile ile. Ukigusa upupu unajikuna papo hapo. Ukila uyoga mbaya, mara nyingi kabla hakujapambazuka umeshajua. Gugu karoti halifanyi hivyo. Sumu yake kubwa inaitwa parthenini, na imejaa kwenye vile vinyweleo nilivyovitaja. Kwa watu wengi, mguso wa kwanza hauleti chochote, wala wa kumi. Lakini kila palizi kinga ya mwili inazidi kuitambua sumu hiyo, mpaka siku moja inaanza kupigana nayo. Ikishafika hapo hairudi nyuma kirahisi. Mtu ambaye jana alikuwa analibeba kwa mafungu, leo vumbi la majani yake makavu likipeperushwa na upepo linamtosha kuvimba uso.

Nina jirani, mama mtu mzima wa Kimaasai ambaye sote hapa tunamwita koko, yaani bibi. Amefanya vibarua vya palizi kwenye mashamba ya mahindi na maharage tangu nimjue. Nilipomwambia, "Shikamoo koko, hilo unalong'oa lina sumu, nikuletee glavu," aliniitikia vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, mikono hii imekamua ng'ombe na imeng'oa upupu. Itaogopa kajani haka?" Sikumlaumu. Kwa misimu kadhaa mikono yake ilimpa haki.

Kisha yakaanza macho. Asubuhi aliamka kope zimejaa, nyekundu, zinawasha. Baadaye shingo, nyuma ya masikio, kwenye maungio ya viwiko kwa ndani. Ngozi ya shingo ikawa nene na nyeusi, ina mikunjo, na usiku alilala na kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwa sababu ya muwasho. Zahanati aliyokwenda kwanza walimpa dawa ya fangasi. Haikusaidia. Duka la dawa likamuuzia krimu ya mchanganyiko, zile za tyubu ndogo zinazouzwa bila cheti cha daktari, ambazo ndani yake zina steroidi kali. Hiyo ilimtuliza kwa siku chache, halafu muwasho ukarudi, akanunua nyingine, na ngozi ya uso ikaanza kuwa nyembamba na kung'aa. Inaniuma mpaka leo kwamba alikuwa anatumia hela ya kibarua kununua krimu ya kutibu ugonjwa alioupata kwenye kibarua hicho hicho.

Kilichofungua macho yetu ni msiba. Koko alikwenda Monduli kuzika, akakaa kwa ndugu zake muda, hakushika jembe, hakupaka chochote, na uso ukatulia. Aliporudi akaingia shambani, kesho yake kope zilikuwa zimefumba. Binti yake alinipigia simu akasema, "Dada, mama amevimba tena, na hajala kitu kipya." Hapo tukaanza kuuliza koko anagusa nini.

Sisi wa kanda hii tuna bahati moja: hospitali ya KCMC pale Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kimekuwepo tangu miaka ya 1990, na watabibu wa ngozi waliopita pale wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Koko alipelekwa kliniki ya ngozi Moshi. Daktari alimuuliza kazi yake kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Wakambandika vibandiko vidogo mgongoni, kila kimoja na kitu chake, ili waone mwili unakataa kipi, akaambiwa asioge mgongo, vikasomwa baada ya siku mbili na kusomwa tena baadaye. Ngozi chini ya kile cha gugu karoti na jamii yake ilikuwa imevimba.

Kwa hiyo ukiona mtu wa shambani ana muwasho, angalia umekaa wapi. Mzio wa gugu hili unapenda kope, uso, shingo, nyuma ya masikio, maungio ya viwiko na nyuma ya magoti, yaani pale penye ngozi laini na pale vumbi linapotua na jasho kulishika. Fangasi mara nyingi hutoa duara lenye ukingo unaoonekana na katikati pakipona; huu hauna duara. Unazidi wakati wa palizi na wakati gugu limechanua, unapungua mtu akisafiri mbali nalo. Kwa waliougua muda mrefu, jua nalo huuongeza. Na si ngozi peke yake. Chavua yake inaleta chafya zisizokatika, mafua ya maji, macho kuwasha, na kwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Anayebanwa kifua asikae nyumbani akinywa tangawizi, apelekwe hospitali wakati huo huo.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wa mashamba ya maua wanapaswa kulijua. Mwili ukishalikataa gugu karoti unaweza kukataa na ndugu zake, maana ukoo wake ni mmoja na alizeti, saladi ya majani na maua ya krisanthemamu. Mtu anapoteza kazi ya kufunga maua kwa sababu ya kitu alichokipata uani kwake.

Ukiligusa, osha mikono na uso kwa sabuni na maji mengi mara unapotoka shambani. Usijifute jasho machoni kwa kiganja. Nguo za palizi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Krimu za steroidi zina kazi yake, lakini daktari ndiye aseme ipi, kiasi gani na kwa muda gani, hasa usoni.

Niweke neno kuhusu gugu lingine la uani, kwa sababu watu wakisikia "gugu lenye sumu" wengi huwaza hili: mnanaha. Huu sumu yake haisubiri. Una majani mapana yenye kingo za kuchongoka na harufu mbaya, ua refu la umbo la tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda la miiba lililojaa mbegu. Unapenda kwenye jalala la samadi na maboma ya zamani, na ukiwa mchanga unaweza kuchumwa pamoja na mchicha au mnavu na mtu asiyeangalia. Aliyekula anakaukwa na mdomo, mboni za macho zinapanuka, ngozi inakuwa moto, moyo unakwenda mbio, anaanza kuweweseka na kuongea na watu ambao hawapo. Haya hutokea ndani ya saa chache. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada ulikutwa umechafuliwa na sumu ya mimea ya jamii hii; watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki. Mtu akionyesha dalili hizo, mpeleke hospitali na ubebe tawi la mmea alioula. Mnanaha tunauheshimu kwa sababu unajibu haraka. Gugu karoti tunalidharau kwa sababu linachelewa, na kwa kuchelewa kwake limewapata watu wengi zaidi.

Asili yake ni Amerika, upande wa Ghuba ya Meksiko. Pune, nchini India, lilionekana miaka ya 1950, na wengi wanahusisha kuingia kwake na ngano iliyotoka Marekani. Leo limeenea karibu India yote, na madaktari wa Pune waliandika kuhusu ngozi za wakulima tangu miaka ya 1970. Kwetu Tanzania liliripotiwa mwaka 2010, hapa hapa Arusha. Nani alilileta si muhimu kwangu. Muhimu ni linavyotembea sasa, na hilo ninaliona kila wiki: kwenye matairi yaliyojaa tope, kwenye moramu na mchanga wa ujenzi, kwenye maji ya mafuriko, na kwenye samadi. Ng'ombe mwenye malisho hulikwepa, lakini kiangazi kikibana analila. Maziwa yake yanakuwa machungu, mdomo unaota vidonda, na akilila kwa wingi linaweza kumuua. Mama wauza maziwa wanaolalamika kwamba wateja wamerudisha chupa, waende wakaangalie ng'ombe amelishwa wapi.

Samadi ndiyo inanigusa mimi moja kwa moja, kwa kuwa kitalu hakiendi bila samadi. Siku hizi sinunui mpaka nimelizunguka boma lenyewe. Nikikuta gugu karoti limezunguka zizi, naondoka, hata bei iwe nzuri. Ile ninayonunua naimwagia maji, naifunika kwa nailoni juani, nasubiri kilichomo kiote, nakifyeka kikiwa na majani mawili, ndipo naijaza kwenye viriba. Ni kazi, lakini siwezi kumuuzia mtu mche wa parachichi ambao unakwenda kumpandia ugonjwa uani.

Kuling'oa kwenyewe kuna namna. Ling'oe lingali limelala chini, au shina likiwa limechomoka tu, udongo ukiwa umelowa ili mzizi utoke wote. Vaa glavu, shati la mikono mirefu, funga kitambaa puani. Kufyeka kwa panga ni kulipogoa. Linachipua tena kutoka chini na linachanua likiwa fupi, ambapo hata hulioni. Likishachanua, usilivute ovyo ukalipeperusha. Funika kichwa chake kwa mfuko, funga, kata, kisha ng'oa. Usilitupe kwenye mbolea ya mboji. Mimi nachimba shimo refu, nafukia. Wanaolichoma wasikae upande wa moshi. Na pale ulipong'oa usipaache wazi, maana mbegu zilizo chini zinaweza kukaa miaka kadhaa zikingoja nafasi. Mimi napanda ngwara, ile jamii ya maharage. Inatambaa, inafunika udongo mapema, na gugu linalobahatika kuota chini yake linakuwa jembamba, halina nguvu. India waliachia mbawakawa kutoka Meksiko, mwaka 1984, wanaokula majani yake, lakini mdudu anaachiwa na wataalamu baada ya kupimwa. Kwa ushauri tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pale Ngaramtoni, na bwana shamba wa kata anatosha kwa kuanzia.

Kinachonikosesha usingizi ni watoto. Siku za usafi wa mazingira, wanafunzi wa shule za huku wanatumwa kung'oa magugu uwanjani kwa mikono, wakiwa na kaptula na sketi, na gugu lenyewe limejaa mpaka mlangoni. Mtoto wa darasa la tatu akianza kuligusa leo, miaka yote ile ya kimya ambayo koko aliipata utu uzimani yeye ataimalizia shuleni. Nilikwenda kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule moja. Alinisikiliza, akaniita tukatembee uwanjani, nikamwonyesha machanga na yaliyochanua. Akakubali kwamba watoto wapewe ufagio na kuokota taka, gugu karoti lishughulikiwe na watu wazima wenye glavu kabla halijatoa ua. Glavu za mpira za jikoni si ghali; wazazi wachache walichanga, zikanunuliwa.

Barabarani bado. Eneo la hifadhi ya barabara halina mwenyewe, na mbegu za pale ndizo zinazorudi kwenye viwanja tulivyosafisha. Mwenyekiti wa kitongoji ameniomba nije kwenye mkutano na mfano wa mmea ili watu wauone. Nitakuja na mmoja mchanga, pamoja na mzizi wake, kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani na uliofungwa. Koko amesema atakuja pia, akae mbele, atakayebisha amtazame shingo.